Nywele Asili Zisikatike: Maswali ya Mara kwa Mara Kuhusu Kutatua, Kusuka na Kufumua

Nywele zilizoshikana ni tata, na kazi ya kuzitenganisha ni kutatua. Neno hilohilo hutumika kwa hesabu na kwa kesi, na mwenye nywele za kipilipili anaelewa kwa nini: ukivuta uzi usiostahili kuvutwa, fundo linazidi kukaza. Majibu haya ni ya wenye nywele asili zilizojisokota sana, walioko Kisumu, Kakamega, Busia, Nakuru na kandokando, ambako maji, joto na vumbi havifanani. Jibu la kufumua rasta, yaani misuko ya nywele bandia, ni refu, kwa sababu siku ya kufumua ndiyo siku nywele nyingi huangamia.

Nywele ninazotoa kwenye kitana zimekatika au zimeng'oka tu?

Chukua nyuzi kumi hivi, uzitandaze juu ya karatasi nyeupe. Unywele uliong'oka wenyewe ni mrefu kama wenzake, na upande mmoja una kidoa cheupe kidogo kama kichwa cha pini. Hapo ndipo ulipokuwa umeshikamana na ngozi, na kumaliza muda wake ni kawaida. Unywele uliokatika hauna kidoa upande wowote na mara nyingi ni kipande kifupi.

Kichwa cha mtu mzima hupoteza kati ya nywele 50 na 100 kwa siku. Mwenye nywele za kipilipili hazioni zikidondoka, kwa sababu zinanaswa na zilizobaki. Ukichana mara moja kwa wiki, tarajia mpaka 700 kwa mpigo, na donge lake linatisha. Lakini ukiona vipande vya sentimita moja hadi tano vimejaa begani, kwenye beseni na kwenye kola, hayo ndiyo makatiko yenyewe.

Angalia pia zinakatikia wapi. Zikikatikia mbele na juu ya masikio, shaka la kwanza ni mvuto wa msusi. Zikikatikia katikati, pale unapofungia, laumu mpira wa kufungia pesa. Zikikatikia mwishoni ni ukavu na msuguano. Na kama uliacha kuweka dawa ya kulainisha na unafuga asili, zitakatikia kwenye mpaka wa nywele mpya na zile za dawa. Mpaka huo haupatanishwi na mafuta yoyote. Utauchunga kwa upole mpaka siku utakapokata zile za zamani.

Kwa nini nywele zetu hukatika kuliko zilizonyooka?

Ni umbo lake. Ukikata unywele wa kipilipili na kuutazama kwa darubini, si mviringo kamili bali umebonyea kama punje ya maharagwe iliyokandamizwa, na unajipinda kila baada ya milimita chache. Kila pindo ni mahali dhaifu, kama waya uliokunjwa mara nyingi. Mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa nayo hayatelemki kirahisi kwenye ngazi hizo, kwa hiyo ncha hubaki kavu hata ngozi ikiwa na mafuta. Halafu mapindo hunasana: unywele mmoja hujiviringisha kwenye jirani yake, na mwingine hujifunga fundo wenyewe.

Nichane zikiwa kavu au zikiwa na maji?

Ziwe na maji na ziwe na utelezi. Kimoja bila kingine hakitoshi.

Nywele kavu za kipilipili husuguana sana, na kitana kinapopita kinavunja. Maji peke yake nayo yana hila yake. Yakiingia ndani ya unywele hulegeza baadhi ya vifungo vinavyoushikilia, ukawa unavutika zaidi na nguvu zake zikapungua. Ukiuvuta kwa hasira wakati huo utanyooka kama lastiki iliyochakaa, kisha ukatike. Ndiyo maana kondishona inahitajika: viungo vyake hushikamana na uso wa unywele na kuufanya uteleze, mkono usihitaji nguvu.

Nahitaji vifaa gani?

Vidole vyako kwanza. Kisha chanuo lenye meno mapana, nafasi kati ya jino na jino iwe kama milimita 5 au zaidi. Kabla ya kununua chanuo la plastiki, pitisha ukucha kati ya meno. Ukigusa mstari mkali ulioachwa na kalibu kiwandani, lirudishe, maana mstari huo hukwangua kila unywele unaopita. Ongeza chupa ya kunyunyizia maji, vibanio vinne hadi nane visivyo na meno ya chuma, kitana cha mkia cha kugawia mistari, na fulana kuukuu ya pamba badala ya taulo. Satini ya kufungia kichwa hupatikana kwa bei nafuu kwenye mitumba ya soko la Kibuye, Kisumu, ukiwa na subira ya kuchambua rundo.

Kitana chembamba hakina kazi kwenye siku ya kutatua. Kiweke mbali usije ukashawishika.

Nipe hatua za kutatua nywele siku ya kuosha.

Tuseme nywele zikinyooshwa zinafika mabegani. Tenga saa moja hadi saa moja na nusu. Ukiwa na dakika ishirini tu, ahirisha.

Saa moja kabla ya maji, au usiku uliotangulia, paka mafuta ya nazi vijiko viwili vya chakula, ukikazia ncha. Mafuta ya nazi ni miongoni mwa machache yanayopenya ndani ya unywele, na yanapunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Kisumu utayakuta ni maji chupani. Nakuru asubuhi yatakuwa yameganda, kwa sababu huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 au 25 hivi. Yayeyushe kiganjani, si jikoni.

Gawa kichwa mafungu manane. Nywele zikiwa nzito sana fanya kumi na mawili, na zikiwa fupi manne yanatosha. Sokota kila fungu kwa ulegevu na ulibane. Sasa fungua fungu moja tu, la nyuma karibu na shingo. Nyunyiza maji mpaka lilowe bila kudondosha matone. Paka kondishona vijiko viwili vya chai, kuanzia ncha kupanda juu, ukikamua kwa viganja badala ya kusugua. Subiri dakika tano. Watu wengi huruka dakika hizi tano, na ndizo zinazofanya nusu ya kazi.

Vidole vitangulie. Anza nchani. Ukikuta fundo, ligawe kwa upande, kama unavyofungua pamba iliyoshikana: kushoto kidogo, kulia kidogo. Nywele zilizokwisha kung'oka zitajitoa zenyewe. Zivute taratibu kutoka upande wenye kidoa.

Ndipo chanuo liingie. Kamata fungu kwa mkono mmoja juu kidogo ya pale utakapochana, ili mvuto uishie kwenye vidole vyako usifike kwenye ngozi. Chana sentimita 2 au 3 za mwisho mpaka chanuo lipite bila kukwama, kisha panda sentimita 2 au 3 nyingine, na tena, mpaka ufike kwenye shina. Likikwama usililazimishe kwenda mbele. Lichomoe lirudi lilikotoka, ongeza maji na kondishona kidogo, rudi kwa vidole. Sikiliza pia: nywele zinazokatika zina sauti ya vijiti vikavu, ta-ta-ta. Ukiisikia, simama.

Fungu likiisha, lisokote tena kabla ya kugusa la pili. Ukiliacha wazi litarudi kunasana na majirani zake na utakuwa umetwanga maji kinuni.

Mafungu yote yakiisha, osha yakiwa bado yamesokotwa. Changanya shampuu sehemu moja kwa maji sehemu tatu kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, uielekeze kwenye ngozi ya kichwa, usugue kwa nyama za vidole bila kucha. Povu litakaloteremka linatosha kuosha ncha. Kama huna bomba la juu na unatumia beseni na jagi, mwaga maji yatiririke kutoka juu kwenda chini. Usiinamishe kichwa na kurundika nywele zote mbele na kuzifikicha kama nguo, kwa sababu fundo ulilolifungua kwa saa nzima litarudi kwa dakika mbili. Kausha kwa kukandamiza na fulana.

Kondishona ipi? Lazima iwe ya bei ghali?

Hapana. Soma orodha ya viungo nyuma ya chupa: ukiona behentrimonium au cetrimonium pamoja na cetyl au cetearyl alcohol karibu na mwanzo, utelezi upo. Majina hayo ya pombe yasikutishe, hizo ni aina za mafuta na hazikaushi. Kwa kichwa tulichokitolea mfano utatumia mililita 80 hivi kwa mara moja, kwa hiyo chupa kubwa ya bei nafuu ina maana kuliko kichupa cha kujivunia. Anayepima kondishona kwa ubahili atalipa kwa nywele.

Je, vitu vya jikoni vinafaa?

Baadhi. Ute wa bamia unafaa kweli: katakata bamia nane hadi kumi, chemsha kwenye vikombe viwili vya maji kwa dakika 10 hadi 15, chuja ukiwa bado na joto kwa soksi nyepesi safi ya nailoni, uache upoe. Mbegu za kitani hutoa jeli nzuri ya kusokotea: robo kikombe kwa vikombe viwili vya maji, koroga motoni mpaka maji yawe kama ute wa yai, chuja upesi kabla haijaganda na mbegu. Vyote viwili huoza. Weka kwenye friji, vitumie ndani ya wiki moja, na vikinuka tupa. (Mrenda nao una ute, lakini uache sufuriani. Kutoa vipande vya majani kwenye nywele ni adhabu.)

Parachichi lina tatizo hilohilo la vipande. Yai halidhuru, ila protini yake ni kubwa mno kuingia ndani ya unywele. Inapaka juu tu, na ukisuuza kwa maji moto litaiva humo humo kichwani. Tumia protini iliyovunjwavunjwa kiwandani, mara moja kwa mwezi au pungufu ya hapo.

Magadi, munyu wa kienyeji na soda ya kuokea usitie kabisa. Kinacholainisha mboga za kunde chunguni ni ualikali, na ualikali huohuo hupandisha magamba ya unywele yakasimama kama vigae vilivyong'olewa na upepo. Unywele utakuwa laini siku hiyo, kisha utanasana na kukatika. Sabuni ya kipande ya kufulia ina kosa hilo pia.

Nifumue vipi rasta bila kupoteza nywele?

Anza kwa kujua siku. Rasta zikae wiki sita. Nane ni mwisho. Kwa wiki sita kichwa kimeachia nywele kati ya 2,100 na 4,200, na zote zimo ndani ya misuko, hazikupata njia ya kutoka. Donge utakalotoa litakuwa kubwa hata kama hakuna hata moja iliyokatika.

Kabla ya kusuka, ulipima urefu wako? Kama hukupima, pima safari ijayo. Nyoosha fungu moja na uandike sentimita. Wakati wa kufumua, kata nywele bandia angalau sentimita 5 chini ya mahali unaposadiki zako zinaishia, ukikumbuka kuwa zimeongezeka sentimita moja na nusu hivi kwa wiki hizo sita. Papasa msuko kabla ya mkasi: zako ni nene na laini kidogo, bandia ni nyembamba na zinateleza. Taa iwe nzuri. Makasi ya saa nne usiku mbele ya televisheni yamepunguza nywele nyingi.

Fumua kwa vidole au mkia wa kitana, kutoka chini kwenda juu. Ukifika shinani utakuta pete ya uchafu wa kijivu, umeviringika palepale ambapo msuko ulianza. Ni vumbi, mafuta, jasho, nyuzi za nguo na nywele zilizong'oka, vimebanwa pamoja. Hapa ndipo shughuli ilipo.

Usiilowanishe pete hiyo kwa maji matupu, na usiingie bafuni nayo kichwani. Maji yatafanya nywele zijikunje ghafla na kukaza kila kitu kilichomo, na itakuwa kama sufi iliyofuliwa vibaya: donge gumu lisilo na mwanzo wala mwisho. Badala yake weka kondishona nusu kijiko cha chai, au matone machache ya mafuta, juu ya pete yenyewe. Subiri dakika tano. Kisha shika nywele pande mbili za pete na uivute kwa upana, kulia na kushoto, mpaka ifunguke katikati. Uchafu utabaki kama unga kwenye vidole. Uliobaki utoe kwa ncha ya pini, unywele mmoja mmoja, ukianzia upande wa chini wa pete, ule ulio mbali na ngozi. Pete ikiisha, pitisha vidole, kisha chanuo, sokota fungu hilo na uende kwenye rasta inayofuata.

Kichwa chenye rasta ndogo ni kazi ya siku mbili. Lala katikati, umefunga satini. Kwa kawaida dada, binamu na jirani hukusanyika kusaidia, na kufumua hunoga kwa soga. Wape kila mmoja upande wake na amri moja tu: wafumue, wasichane. Kuchana ufanye mwenyewe au umwachie mmoja mwenye subira.

Zikiisha zote na hakuna pete iliyobaki, ndipo uoshe, zikiwa zimesokotwa. Pumzisha kichwa wiki moja hadi mbili kabla ya kusuka tena. Kufumua Ijumaa na kusuka Jumamosi ndiyo sababu mistari ya mbele ya watu wengi inarudi nyuma.

Kuna fundo limekataa kabisa. Nikate?

Lipe nafasi tatu: mafuta ya nazi usiku mzima, kondishona nyingi chini ya mfuko wa plastiki kwa dakika 30, kisha pini na mwanga mzuri. Likikataa, usikate kwa kulala, kukingama na nywele. Tia ncha ya mkasi ndani ya donge kwa wima, ikifuata urefu wa nywele, ulipasue mara moja au mbili, halafu lifungue kwa vidole. Utapoteza nyuzi chache tu.

Vile vifundo vidogo vya unywele mmoja nchani havifunguki kirahisi. Kata milimita 2 juu ya kila kimoja kwa mkasi wa nywele. Mkasi wa jikoni hutafuna ncha, nayo itapasuka upya.

Msusi anabana sana. Nimwambie nini?

Mwambie mapema, kabla hajamaliza mstari wa kwanza: "Dada, legeza hapa mbele, na uache nywele za ukingoni." Msusi mzuri hakasiriki. Anayekujibu kwamba zisipobana hazitadumu anazungumzia rasta zake, wewe unazungumzia nywele zako.

Dalili ni hizi: nyusi zimevutika juu, vipele vidogo vyeupe kwenye mashina, huwezi kugeuza shingo kitandani. Ukihitaji kidonge cha maumivu ili ulale, zimebana mno. Usingoje zilegee zenyewe, fumua misuko ya mbele siku hiyohiyo. Mvuto ukirudiwa kwa miaka huua mashina, na kovu likishaingia hayaoti tena. Hapo mafuta ya nyonyo hayasaidii, hata yauzwe kwa maneno matamu kiasi gani.

Chagua misuko inayoanza na nywele zako kwanza, bandia zikaongezwa kidogokidogo, kuliko ile yenye fundo shinani. Ukubwa nao una hesabu: rasta nene iliyosimama juu ya kiboksi kidogo cha ngozi ni kama ndoo ya maji iliyotundikwa kwenye tawi jembamba. Na urefu wa kiunoni una uzito wake, hasa ukilowa.

Nywele bandia zinaniwasha kichwa. Inahusiana na kukatika?

Ndiyo, kwa sababu ya kujikuna. Nyingi hupakwa kemikali kiwandani. Ziloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye siki nyeupe, kikombe kimoja kwa lita 4 za maji, kwa dakika 30, suuza, anika zikauke kabisa, ndipo usuke.

Na blodrai? Pasi? Kitana cha moto?

Blodrai inavumilika mara moja moja, nywele zikiwa zimetatuliwa kwanza na zimekauka karibu zote. Mwombe mtu wa saluni aondoe kile kitana kinachochomekwa kwenye mdomo wa mashine na avute fungu kwa mkono huku akipuliza kutoka shinani kwenda nchani, joto la kati. Kitana kile hufanya kazi haraka kwa sababu kinang'oa kinachokwama.

Pasi isizidi nyuzi 180, fungu lipitishwe mara moja, nywele ziwe kavu kabisa na ziwe na kinga ya joto. Unywele wenye maji ukibanwa na chuma cha moto, maji yanageuka mvuke ndani yake na kuupasua. Ule mlio wa kuchemka si dalili ya kazi nzuri. Kitana cha chuma kinachopashwa kwenye jiko la makaa hakina namna ya kupimwa joto, kwa hiyo hatukipendekezi kwa yeyote. Nywele zilizoungua hazirudi kujikunja hata zikioshwa. Zinabaki zimenyooka vipande vipande, na dawa yake ni mkasi.

Ukitaka kuzinyoosha bila moto, kuna njia ya nyanya zetu: uzi. Gawa nywele zenye unyevu kidogo mafungu 10 hadi 20, viringisha uzi wa sufi au wa pamba kutoka shinani mpaka nchani bila kukaza shinani, lala nazo, fungua asubuhi. Zinarefuka bila kuungua, na kusuka baada ya hapo ni rahisi.

Kwa nini mtindo unaokaa wiki Nakuru unaharibika Kisumu kwa siku mbili?

Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, joto na unyevu wa ziwa hewani. Nywele zilizonyooshwa hufyonza unyevu huo na kurudi kujikunja, na zikijikunja ovyo hufungana. Kwa hiyo huko pendelea nywele za kusokota mafungu mawili mawili au matuta kuliko kuziacha wazi, na fikiria jeli inayoshika. Nakuru iko karibu mita 1,850. Usiku ni baridi, na Januari na Februari kuna ukavu na vumbi. Huko glisirini nyingi haina faida kwa sababu hewani hakuna unyevu wa kuvuta. Paka kondishona ya kuacha humo, kisha mafuta mazito ya kufungia, ukazie ncha.

Siagi ya shea inayovuka kutoka kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi na hupakika kirahisi. Ila kumbuka kwamba mafuta hayaleti maji, yanayazuia tu yasitoke. Ukipaka mafuta kwenye nywele kavu umefungia ukavu ndani.

Maji ya kisima yanaharibu?

Floraidi, ambayo visima vingi vya Nakuru vinajulikana kwayo, ni habari ya meno na mifupa. Kwa nywele jiulize kuhusu ugumu wa maji: kama sabuni haitoi povu na inaacha utando kwenye beseni, utando huohuo unabaki kichwani na kuzifanya nywele zikwaruze. Kinga maji ya mvua kwa suuzo la mwisho. Magharibi mvua ni nyingi, masika ya Machi hadi Mei yakijaza tangi bure. Mvua ikikosekana, siki kijiko kimoja cha chakula kwenye lita moja ya maji husaidia.

Mtoto wangu analia kila Jumapili jioni nikimtengeneza kwa ajili ya shule.

Jumapili jioni ndilo kosa la kwanza: amechoka, nawe umechoka. Fanya Jumamosi asubuhi, ameshiba. Mafungu manane, kondishona bila ubahili, mkono wako juu ya fungu kila unapochana. Mwache ashike chupa ya maji anyunyize mwenyewe. Matuta sita hadi manane yasiyobana, yaliyosukwa bila nywele za kuongeza, hukaa wiki moja. Shanga na mipira ya pesa viache, maana mipira hukata unywele inapotolewa. Ikiwa imeshafungwa, ikate kwa mkasi mdogo badala ya kuivuta.

Usiku na safarini je?

Foronya ya pamba hufyonza mafuta na kukwaruza. Funga satini au lalia foronya ya satini. Helmeti ya boda nayo husugua ukingo wa mbele kila siku kwa dakika zile za kwenda na kurudi kazini. Vaa kitambaa chembamba cha satini chini yake, na kitambaa hicho kiwe chako peke yako, ukifue, kwa sababu helmeti ni ya abiria wote.

Ni lini niende kwa daktari badala ya saluni?

Ukiona viraka vya mviringo vyenye magamba, hasa kwa mtoto, hayo huenda ni mapunye, na yakiwa kichwani huhitaji dawa ya kumeza, krimu haitoshi. Utosi ukipungua na kuwa laini na wa kung'aa, au ukiwaka na kuuma, usingoje. Kumwagika kwa nywele miezi miwili hadi minne baada ya kujifungua ni kawaida na huisha ndani ya mwaka. Lakini zikimwagika kichwa kizima bila sababu, pamoja na uchovu na kizunguzungu, omba kupimwa damu. Upungufu wa madini ya chuma na matatizo ya tezi ya shingoni vyote huweza kuanza hivyo, na hakuna chanuo linaloweza kuvitatua.